Kikombe Kimoja kwa Siku

Muheto, siku ya tano ya juma, nyuma ya mvua ya saa nane

Byamungu mwanangu,

Uko nje na tate yako, baba yangu, munafunga kuku yenye itaenda na wewe, na ninasikia unamupa amri: "Tate, si ku shingo! Ku miguu!" Mimi niko ndani ku meza, na buku yangu ya shule yenye ilibaki na karatasi nyeupe. Kesho asubuhi kamyo itapita ku barabara na utapanda pamoja na papa yako, muende Walikale. Uko na miaka sita. Haujue kusoma bado, isipokuwa jina lako na neno "papa", lenye mimi mwenyewe nilikuandikia na makaa ku ukuta wa jikoni, wakati papa ilikuwa neno tu.

Sitakuandikia mambo ya kuvaa sweta na ya kusalimia wakubwa. Hayo tate amekwisha kusema tangu asubuhi, na mara ya mwisho ulimujibu, "Tate, hiyo ulisema, leta ingine." Nilicheka, kisha nikaingia mu chumba haraka, juu kicheko kilikuwa kinageuka.

Unajua vile niko. Wageni wakifika, ninakimbilia jikoni. Ku shule mwalimu akiniuliza swali nilikuwa ninajibu nikiangalia vidole vya miguu. Lakini ku karatasi siogopi sana, karatasi hainiangalie. Basi wacha niseme kitu kikubwa mara moja, nisizunguke: unafikiri papa yako alikusahau. Hakukusahau. Ni mimi nilikufanya ufikiri vile, na mpaka saa hii haujue. Ninaandika ili nipate nguvu ya kukuambia mbele ya kamyo kufika. Kama nguvu haikuja, utasoma hapa siku moja, na utakuwa umeishi miaka ukimuchukia muntu mwenye hakukosa kitu.

Mama yako Furaha, dada yangu mukubwa, alikufa siku tatu nyuma ya kukuzaa. Mama yetu alikuwa amekwisha kufa zamani, na mu nyumba tulibaki tate, mimi na wewe. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Papa yako alikuwa muganga kijana, na walimupa kazi ku dispanseri ya Walikale. Mutoto mwenye hana hata mwezi moja hapelekwi mu pori bila titi, na kwetu mutoto wa mwanamuke mwenye alikufa anabaki upande wa mama yake mpaka miguu yake inakuwa ngumu. Tate alikuweka mu mikono yangu, akasema, "Huyu sasa ni wako." Hakusema neno lingine. Alitoka, na nilisikia anapasua kuni, na kuni tulikuwa nazo za kutosha.

Mwaka ule ule njo sanduku ya kioo iliingia kwetu. Mademoiselle, mwalimu wetu wa kalasi ya sita, alikuwa anarudi kwao nyuma ya uhuru. Mu kalasi alikuwa na sanduku ya kioo na samaki tano ndani, ndogo sawa kidole, zenye alitosha ku ziwa kule Sake. Aliniachia mimi, si juu nilikuwa na akili kupita wengine. Ni juu saa ya kucheza nilikuwa ninabaki mu kalasi kwa haya, na mwenye kubaki njo alikuwa anazipa chakula. Wanaume wawili waliibeba mpaka ku nyumba, na bantu walifuata sawa vile wanafuata ndoa.

Tate aliinama, akaangalia, akazunguka, akaangalia tena. "Hii ni samaki ya kula lini?"

"Hailiwi, Papa. Ni ya kuangalia."

"Ya kuangalia." Akakaa ku kiti. "Tunalima maharagi tupate kula, na sasa tunapata kitu cha kula tupate kuangalia."

Na jirani yetu Mama Zawadi, unamujua na mudomo wake, alisema, "Mapendo, siku njaa itaingia humu, uniite. Miye nitakuya na chumvi na mafuta."

Mimi nilikuwa na mutoto mu mugongo na samaki mu kioo, na sikujua kulinda hata kimoja. Lakini samaki zilinifundisha haraka kupita wewe, juu samaki hailie. Inakufa tu. Kwa hiyo unajifunza kuangalia.

Kitu cha kwanza chenye nilijifunza ni hiki: maji yote haiko moja. Ukionja maji ya ziwa na ncha ya ulimi, iko na chumvi kidogo, na inateleza sawa imepita ku sabuni. Maji ya kijito chetu ni tamu, na iko na baridi ya mulima. Samaki ya ziwa mu maji ya kijito inaanza kusimama ku kona, mapezi imefungwa, sawa mutoto wa shule mupya. Papa Kamali, shofere wa kamyo ya kabichi, alikubali kuniletea bidoni moja ya maji ya Sake kila mwezi. Siku moja ku barière, kizuizi cha njia, askari walifungua bidoni wakifikiri ni pombe. Moja akajaza mudomo, akatema ku viatu vyake mwenyewe. "Hii ni nini?" Papa Kamali akajibu, "Ni maji ya samaki ya binti moja wa Muheto." Tangu siku ile wakiona kamyo yake walikuwa wanaita, "Pita, pita, wewe muntu wa ziwa!"

Kitu cha pili nilijifunza vibaya, na nilikuwa nimekwisha kuwa mukubwa kidogo. Wewe ulikuwa na miaka miwili. Ilikuwa mbele ya Noeli, na unajua Noeli kwetu: unapaka ukuta udongo mupya, unatosha majani ya zamani ku kitanda, unasugua sufuria na majivu mpaka unaona meno yako ndani. Mama Zawadi aliingia kuomba moto, akasimama mbele ya kioo, akafunga pua. "Mapendo, maji hii imekuwa mboga. Padiri akipita humu, utasema nini?"

Haya yangu, Byamungu. Haya imenifanyisha mambo mingi mabaya kupita hasira. Siku ile ile nilimwaga maji yote, mpaka tone ya mwisho. Nilisugua kioo na majivu sawa sufuria. Nilisugua hata mawe. Nilijaza maji mupya kutoka kijito, nyeupe, safi, baridi. Kioo kiling'aa kupita altare ya kanisa. Nikarudisha samaki zote tano mara moja, nikaita tate aangalie, na tate akasema, "Sasa njo kitu."

Asubuhi ya Noeli samaki ine kati ya tano zilikuwa zinaelea, tumbo juu. Wewe uliweka kidole ku kioo ukasema, "Inalala." Nilienda ku misa na siku hiyo sikuimba.

Ile moja yenye ilibaki njo huyu Direkta wako, mwenye unamuambia "bonjour" kila asubuhi mbele ya kuniambia mimi.

Nyuma ya pale nilifikiri sana. Ile rangi ya kijani yenye ilinipa haya haikuwa uchafu wote. Ndani yake mulikuwa kitu chenye samaki zilizoea, kitu cha kuzilinda, na mimi nilikimwaga juu jirani alifunga pua. Nilianza upya, na namna ingine. Kikombe kimoja kwa siku. Ninatosha kikombe kimoja cha maji ya zamani, ninaweka kimoja cha mupya, na ile mupya imelala usiku mzima karibu na jiko mpaka kiwiko changu hakisikie tena baridi. Nilipiga alama na makaa ku kioo, pahali maji inafika. Niliona hata hili: jua likichukua maji, linachukua maji tu, chumvi inabaki. Kwa hiyo maji ikipunguka, unaongeza ile tamu ya kijito, si ile ya ziwa, ao baada ya miezi samaki itakaa mu chumvi kali na utajiuliza ulikosa wapi. Hakuna mwenye alinifundisha. Niliharibu, kisha nikajua.

Na wakati Papa Kamali alileta samaki zingine tatu mu bidoni, sikuzimwaga ndani. Niliziacha mu maji yao, mu bakuli, na kila siku niliziongezea kikombe kimoja cha maji yetu. Siku saba. Hata moja haikukufa. Nilikuwa na furaha mpaka nikamuambia Mama Zawadi, mimi mwenye kukimbia Mama Zawadi.

Ninakueleza hii yote ili uone kama nilijua. Muntu mwenye hajue anaweza kusamehewa mbio. Mimi nilijua.

Barua ya kwanza ya papa yako ilifika wakati ulikuwa na miaka minne. Mbele ya pale njia ya Walikale ilikuwa imefungwa kwa sababu ya fujo, na hakuna kitu kilipita. Aliandika Kifaransa, juu alizoea vile ku kazi, na juu alijua kama mu nyumba niko mimi wa kusoma. Tate hajue kusoma. Mu nyumba yetu barua ni mimi. Kile mudomo wangu unasema, njo barua imesema.

Tate alikaa ku kiti, akatosha kofia sawa vile anatosha mu kanisa. "Soma, mwanangu."

Nikasoma na macho kwanza. Papa yako alikuwa ameandika kama amepata nyumba, na ameoa mwanamuke mwenye roho muzuri. Akaandika: "Ninaomba mutoto aje wakati wa vakansi ya shule, majuma mawili tu, na Mapendo amusindikize kama anaweza. Kisha arudi kwenu. Mara ingine mwezi moja. Akilia, mumurudishe, sitakasirika. Sitaki kumung'oa kwenu mara moja. Ninataka atuzoee kidogo kidogo, ili siku ya masomo ikifika awe na nyumba mbili, asiwe na hata moja ya kulilia."

Mudomo wangu ukasema: "Anasalimia wote. Kazi iko muzuri. Kule mvua iko mingi. Anasalimia mutoto."

Tate akangoja. "Ni ile tu?"

"Njo ile."

"Karatasi mbili, pande zote, juu ya mvua?"

"Kifaransa kinapendaka maneno mingi, Papa."

Tate alicheka sana. "Njo maana wazungu walichoka wakarudi kwao." Akavaa kofia yake, akaenda mu shamba.

Wewe ulikuwa umelala ku mugongo wangu. Nilikuwa ninasikia pumzi yako hapa nyuma ya shingo, moto, kisha baridi, kisha moto. Sikupanga uongo, ninakuapia. Nilisikia tu pumzi ile, na maneno ingine ikabaki ku karatasi. Lakini ile ya mara ya pili nilipanga. Ilifika na shati dogo la bluu, na nilisema shati ni ya Papa Kamali. Ulilivaa mpaka likapasuka, na ulimushukuru Papa Kamali kila mara anapita, naye alifikiri wewe ni mutoto mwenye adabu tu.

Barua ya tatu ilikuwa fupi. "Sipati jibu. Kama kuna kitu nilikosa, muniambie." Nikajibu. Kwa jina la tate, mu Kifaransa, niliandika kama mutoto anakohoa, njia ni mbaya, angoje kwanza. Hakukuwa kosa hata moja mu barua ile. Mademoiselle angenipa pointi zote. Njo barua muzuri kupita zote nimeandika mu maisha yangu, na ninaona haya nayo mpaka leo.

Zote tatu nilizificha mu kifuko ya mbegu.

Kisha wewe mwenyewe ulikuja. Mwaka jana, unakumbuka? Zawadi wa Mama Zawadi alikuwa amekuimbia, "Papa yako ni samaki! Papa yako ni samaki!" Ulifika jikoni na mavumbi na machozi, ukauliza, "Papa yangu iko wapi?"

"Iko Walikale, ku kazi."

"Juu ya nini hakuyake kuniona?"

Nilikuwa ninapeta maharagi. Kifuko ya mbegu ilikuwa pale, karibu na goti langu. Ningenyoosha mukono tu. Nikasema, "Labda alisahau."

Haukulia tena. Hiyo njo iliniumiza. Ulikaa chini, ukaanza kunisaidia kuchagua maharagi, zile mbovu upande huu, zile nzima upande ule, na haukuuliza tena hata siku moja.

Ni siku nne tangu papa yako afike. Ulimuona vile alipanda mulima na muzigo ku bega, koti imelowa. Tate hakusimama. "Eh, muganga! Leo njo umekumbuka uko na mutoto?"

"Papa, niliandika. Mara tatu niliandika."

"Tulisikia. Mvua iko mingi."

Papa yako akageuka. Mimi nilikuwa ku mulango wa jikoni na bakuli mu mikono. Aliniangalia, na nikaangalia vidole vyangu, na nikajua amekwisha kujua. Nikangoja aseme. Akasema, "Labda kitu kilipotea mu njia. Nilipaswa kuja mwenyewe zamani. Munisamehe, Papa."

Akabeba kosa langu pale pale, na koti yenye maji, mbele ya baba mukwe wake. Na wewe ulisogea, ukamupa mukono sawa vile nilikufundisha kwa wageni: "Bonjour, monsieur." Alikushika mukono na kukujibu, "Bonjour, Byamungu." Sijui ni nguvu gani alitumia.

Tangu pale haukai karibu yake. Akileta kitu, unasema merci na unakuja kukipa mimi. Usiku unanishika kitambaa mpaka unalala. Na mimi, mwanangu, kuna siku nilifurahi. Niandike hata hii, kama ninaandika. Nilifurahi.

Jana asubuhi alinikuta mbele ya kioo na kikombe changu. Aliinama. "Hii si samaki ya Sake? Huku juu, na baridi hii, namna gani ilipona?"

Na mimi, mwenye siongei na wageni, niliongea. Juu ya chumvi, juu ya kiwiko, juu ya alama ya makaa, juu ya zile siku saba za bakuli. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaongea Kifaransa, polepole, ili tate asisikie.

"Basi unajua."

"Ninajua nini?"

"Njo kitu niliomba mu barua. Ulisoma, si vile?"

Maji ya kikombe ilimwagika ku miguu yangu.

"Sitamuambia mukwe wangu," akasema. "Lakini zile miaka mbili za kidogo kidogo zimekwisha, Mapendo. Masomo inaanza juma lijalo, na mimi sitapata ruhusa ingine mwaka huu. Lazima aende mara moja. Ninaogopa sawa wewe."

Kama angenipiga, ningepumzika.

Sasa ya leo. Saa nane ulikuja na chupa ya dawa ya kinini, ile kubwa, umeiosha wewe mwenyewe. "Mama, Direkta ataingia humu?"

"Hapana, Papa." Unajua ninakuitaka Papa nikikubembeleza. "Direkta anabaki."

"Nitamubeba na mikono mbili. Sitakimbia."

"Si kubeba. Kule ni chini, ni pori. Maji ya kule iko moto na rangi ya chai. Ukimumwaga mule mara moja, atakufa."

Ukaangalia chupa. Ukaigeuza. Ukasema, "Na miye?"

Nikajibu, "Wewe hauko samaki." Muntu mukubwa mwenye hana jibu anajibuka vile. Ulitoka na chupa yako, mvua ikaanza, na ilipoisha mimi nikafungua buku hii.

Sijui nikuambie nini juu ya kule. Sijafika hata siku moja. Ningefika, kama ningesoma barua sawa vile iliandikwa. Ningeona kitanda chako, ningejua mwanamuke wa papa yako anaweka chumvi ngapi mu mboga, ningekuambia, "Usiogope ule mulango, unalia tu." Njo vitu vyenye nilikuibia. Papa nilikuibia, na pia namna ya kufika kwake bila kuumia.

Lakini kitu kimoja kimebaki mu mukono wako mwenyewe. Kesho watakubadilisha maji yote: kitanda, luga, chakula, hata baridi. Wewe usikubali kujimwaga yote. Ukiamka na unataka kuimba wimbo wa Kihunde wa tate, uimbe. Kisha siku hiyo jifunze kitu kimoja cha kule, jina la mutoto moja, ao neno moja la yule mama. Kimoja kinatosha. Kesho yake kingine. Na ukilia siku za kwanza, usifikiri umekosa. Mtu akikucheka juu ya namna yako ya huku, akufungie pua, mwache afunge. Mimi nilimusikiliza Mama Zawadi siku moja, na Noeli ikafika na samaki ine zimekufa.

Na juu ya uongo, sina mafundisho. Ninajua tu kama ile ya kwanza ilikuwa nyepesi, sikuisikia hata kutoka mu mudomo, na ile ya tatu nilihitaji kalamu na wino.

Jua linarudi kidogo. Papa yako iko ku jiko, anamenya viazi na tate, na tate haongei naye. Wewe umekaa ku mulango, mugongo wako kwao. Ninakuona kutoka hapa. Kama ninangoja kupata nguvu, kamyo itafika mbele. Ninaacha kalamu. Ninaenda kutosha kifuko ya mbegu.

*

Nimerudi.

Nilikuita, nikakukalisha ku mapaja yangu mbele yao wote. Nikamuambia tate, "Papa, kuna barua nilisoma vibaya." Tate akafikiri ni barua mupya, akatosha kofia. Papa yako akasema haraka, "Mapendo, si lazima." Nikamujibu, "Ni lazima, shemeji." Na nikasoma. Neno kwa neno, Kifaransa kwanza, kisha Kiswahili, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha nikasema jibu lenye niliandika kwa jina la tate, juu ile sikukuwa nayo lakini ninaijua kwa moyo.

Kisu cha papa yako kilikuwa mu kiazi na hakikutembea. Tate alishika kofia yake na mikono mbili. Nilifikiri atanilaani. Akasema, "Soma tena pale. Pale anasema akilia."

Nikasoma tena. "Akilia, mumurudishe, sitakasirika."

Tate alisimama, mu mwili wake muzee, akanyoosha mukono kwa papa yako juu ya sufuria ya viazi. "Mwanangu," akamuambia. Siku nne alikuwa anamuita muganga.

Kwangu hakugeuka. Bado hajageuka.

Na wewe uliuliza, bila kuniangalia, "Shati ya bluu haikuwa ya Papa Kamali?"

"Haikuwa yake."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya papa yako."

"Na ulisema labda alisahau."

"Nilisema."

"Wewe ulijua."

"Nilijua, Byamungu."

Ulitelemuka ku mapaja yangu. Haukunisukuma. Ulitelemuka tu, sawa vile muntu anatelemuka ku kiti chenye si chake. Ulisimama katikati, kati ya mimi na jiko, na nilikuona unafikiri na mwili wako wote. Kisha ukaenda kwake. Ukamuuliza, "Ni wewe uliandika nikilia nirudi?"

"Ni miye."

"Na kesho nikilia?"

Papa yako aliniangalia, akaangalia tate, akasema, "Kesho ukilia, tutalia wote wawili mu kamyo, na vakansi ikifika nitakurudisha huku mwenyewe. Hii siandike tena. Ninasema mbele ya bantu."

Ukakaa karibu yake, ukachukua kiazi, ukaanza kumenya na kucha. Njo kitu nilitaka. Ninaandika tena ili niamini: njo kitu nilitaka. Niliingia humu ndani, na nililia na kitambaa mu mudomo.

Barua hii sitaifunga. Nitamupa papa yako wazi, asome mbele yako. Miaka yake mbili iko ndani, ni haki yake. Siku utajua kusoma, ukitaka kunijibu, nijibu. Ukitaka kunitukana, pia andika. Nitamusomea tate yote, sawa vile iko.

Saa hii nilipasha maji, nikakuita nikuoshe mbele ya chakula. Ulijibu kutoka nje, "Papa ataniosha." Nikamupa papa yako sabuni na kitambaa ku mulango, nikarudi. Ninaandika nikisimama karibu na ukuta wa matete, ili nisikie.

"Si vile! Unaanzia ku kichwa. Kisha unanifunika macho na mukono."

"Mukono gani?"

"Yako, Papa. Yangu iko na sabuni."

Mama yako mudogo,
Mapendo